Diski ya kompyuta inapoanza kufa: okoa kumbukumbu kwanza, kompyuta baadaye

Matini ya kipindi cha redio. Muda: dakika 20. Msomaji: mmoja. Walengwa: wakimbizi walio kambini na mjini, walimu wa shule za jamii, makatibu wa vikundi, na vijana wanaotengeneza au kutumia kompyuta.

(MUZIKI WA KIPINDI, SEKUNDE 15. UNASHUKA NA KUBAKI CHINI YA SAUTI.)

Nawasalimu nyote mlioko Nakivale, Kyangwali, Kyaka II na Rwamwanja, nanyi mnaoishi hapa Kampala, kuanzia Nsambya na Katwe hadi Kisenyi. Na wewe unayesoma matini hii kwenye karatasi kwa sababu unaongoza kikundi cha wasikilizaji, au kwa sababu redio haikushika vizuri siku ya kipindi, karibu sana.

Leo tunazungumzia kifaa kidogo kinacholala ndani ya kompyuta, ambacho watu wengi hawajawahi kukiona. Kinaitwa diski ngumu. Mafundi wengi wanaiita hadi diski. Humo ndimo yanamokaa mafaili yako yote: picha, barua, orodha, hesabu, nyimbo na video. Kompyuta ikiharibika skrini, unabadilisha skrini. Ikiharibika chaja, unanunua chaja. Lakini diski ikifa, duka halina ya kukuuzia yenye picha ya harusi ya mama yako ndani yake.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito wake. Mtu aliyeondoka kwake usiku mara nyingi hakubeba kabati la nyaraka. Labda alibeba simu, au baadaye ndugu alimtumia picha za vyeti kwa WhatsApp, naye akazihifadhi kwenye laptopu ya rafiki au ya kanisa. Diploma ya serikali kutoka Kongo, ripoti za shule, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, karatasi ya hospitali, picha ya ndugu aliyefariki: vyote vinaweza kuwa ndani ya diski moja tu. Kijana anayetaka masomo yake ya sekondari yalinganishwe na ya Uganda kwenye baraza la mitihani, yaani UNEB, anahitaji vyeti hivyo. Na katibu wa kikundi cha akiba na mikopo aliyeandika michango ya wanachama ndani ya kompyuta anajua ule usemi wa wahenga: mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo, leo tutajifunza mambo manne. Kwanza, dalili za diski inayokaribia kufa. Pili, nini cha kufanya na nini cha kutofanya saa ileile unapoziona. Tatu, jinsi ya kuokoa mafaili, wewe mwenyewe au kwa msaada wa fundi. Nne, jinsi ya kujikinga ili siku nyingine usilie.

(MUZIKI MFUPI.)

Tuanze kwa kuelewa kilichomo ndani. Diski ngumu ya kawaida ina sahani za mviringo, laini na zinazong'aa kama kioo. Sahani hizo huzunguka kwa kasi kubwa. Diski nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika moja, na nyingi za kompyuta za mezani mara 7,200. Juu ya sahani kuna mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea. Kichwa hicho hakigusi sahani. Kinaelea juu yake kwenye hewa, na nafasi iliyopo kati yao ni ndogo maelfu ya mara kuliko unene wa unywele mmoja.

Fikiria basi inayokwenda kwa kasi kubwa huku ikiwa karibu kugusa ukuta. Ikiyumba kidogo tu, itakwaruza. Ndivyo ilivyo diski inapoanguka au kugongwa ikiwa inazunguka. Kichwa kinaigusa sahani, kinaikwaruza, na palipokwaruzwa maandishi yake hayarudi tena. Unga unaotoka kwenye mkwaruzo huo unazunguka ndani na kuharibu sehemu nyingine. Ndiyo maana diski iliyojeruhiwa inazidi kuumia kila dakika inayozidi kuwashwa. Shika jambo hili moja, kwa sababu mengine yote ya leo yanatoka hapo.

Kompyuta mpya zaidi zina diski za aina nyingine, zinazoitwa SSD. Hizo hazina sahani wala kichwa, hazina kinachozunguka, na hazipigi kelele. Zinavumilia kuanguka vizuri zaidi. Lakini zinapokufa, mara nyingi hufa kimya na ghafla, bila onyo. Na faili ulilolifuta kwenye SSD ni gumu sana kulirudisha, kwa sababu diski yenyewe huwa inasafisha nafasi hiyo haraka.

Sasa, kwa nini diski zetu hufa mapema? Sababu ya kwanza ni umri. Laptopu nyingi tunazonunua zimeshatumika mahali pengine, na diski yake imeshafanya kazi miaka kadhaa kabla hujaiona. Sababu ya pili ni umeme. Laptopu ambayo betri yake imekufa, inayofanya kazi kwenye chaja tu, haina kinga. Umeme ukikatika, au sola ikiisha nguvu jioni, diski inasimama ghafla ikiwa katikati ya kuandika. Likitokea hilo mara kwa mara, mafaili huharibika na diski yenyewe huchoka. Sababu ya tatu ni joto. Vumbi la barabara zetu haliingii ndani ya diski ikiwa haijafunguliwa, lakini linaziba feni ya kompyuta, nayo mashine inachemka. Sababu ya nne ni kubebwa ikiwa inawaka, kutoka meza hadi meza, au ndani ya begi juu ya boda boda.

(MUZIKI MFUPI.)

Sasa dalili. Sikiliza vizuri, na mwenye kalamu aandike.

Dalili ya kwanza ni sauti. Diski nzima huvuma polepole na kwa utulivu. Ukisikia kitu kinagonga, ta, ta, ta, kwa mpangilio uleule, au kinakwaruza kama msumari kwenye bati, hiyo ni hatari kubwa. Maana yake kichwa kinatafuta njia na hakiipati.

Dalili ya pili ni uzito wa kupita kiasi. Kompyuta ambayo jana ilifungua barua kwa sekunde chache, leo inachukua dakika tano, halafu inaganda ukifungua folda moja fulani, lakini folda nyingine zinafunguka.

Dalili ya tatu ni mafaili kupotea, majina ya folda kugeuka herufi za ajabu, au picha kufunguka nusu.

Dalili ya nne ni ujumbe. Kompyuta inasema haioni diski ya kuwashia, au inakuonya kwamba diski inakaribia kuharibika, au unapochomeka diski ya nje inakwambia ni lazima ifomatiwe kabla ya kutumika. Hapo watu wengi hubonyeza "ndiyo" kwa haraka. Usibonyeze. Kufomati ni kuifanya diski ianze upya kama tupu. Bonyeza "hapana", kisha endelea kusikiliza.

Diski nyingi zina daftari lao la ndani linaloandika afya yao. Mafundi huliita SMART. Kuna programu za bure zinazolisoma, kama CrystalDiskInfo kwenye Windows. Angalia mistari mitatu: vipande vilivyohamishwa, vipande vinavyosubiri, na idadi ya saa ambazo diski imewaka. Vipande vinavyosubiri ni sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma. Idadi ikiwa zaidi ya sifuri, nakili mafaili yako leo, usingoje Jumapili. Na zile saa zitakusaidia unaponunua kompyuta iliyotumika. Mwaka mmoja una saa 8,760. Diski inayoonyesha saa 30,000 imewaka kwa muda unaozidi miaka mitatu mfululizo. Mwombe muuzaji akuonyeshe ukurasa huo kabla hujatoa pesa.

(MUZIKI MFUPI.)

Haya, dalili umeiona. Unafanya nini saa hiyohiyo?

Jambo la kwanza: acha kuitumia. Ikiwa inagonga au inakwaruza, izime sasa hivi. Usiseme "ngoja nimalizie barua hii". Usiiwashe na kuizima mara kumi ukitumaini kwamba mara ya kumi na moja itakubali. Kila kuwasha ni nafasi moja unayoitumia, na hujui zimebaki ngapi.

Jambo la pili: usiandike chochote kipya ndani yake. Hata kama ulifuta faili kwa bahati mbaya tu na diski ni nzima, faili lile bado lipo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Ukisakinisha programu ya uokoaji ndani ya diski ileile, unaweza kuzika kile unachokitafuta.

Jambo la tatu: usijaribu kuitengeneza kabla ya kuokoa. Windows ina zana ya kukagua na kurekebisha diski, inaitwa chkdsk. Kwa diski yenye afya zana hiyo inasaidia. Kwa diski inayokufa ni mzigo, kwa sababu inailazimisha kusoma kila mahali, inaandika juu yake, na inaweza kuvuruga mafaili ambayo yangeokolewa. Vilevile usisakinishe Windows upya. Fundi akikwambia "nitaweka Windows mpya, mashine itapona", muulize kwanza: "Na mafaili yangu?"

Jambo la nne: yako mashauri yanayotembea mtaani, yaache. Usiiweke diski kwenye friji, kwa sababu unyevu utaganda ndani yake. Usiigonge kwa ngumi wala kwa bisibisi. Usiifungue. Mafundi wakubwa hufungua diski ndani ya chumba maalumu chenye hewa iliyochujwa, kwa sababu chembe moja ya vumbi ni kama jiwe mbele ya kichwa kile kinachoelea. Na ikiwa imeingia maji, usiiwashe na usiianike juani.

Haraka haraka haina baraka. Usemi huo hapa ni kanuni ya kazi.

(MUZIKI MFUPI.)

Kabla hatujailaumu diski, tuhakikishe kwamba kweli ndiyo mgonjwa. Ikiwa haigongi na haikwarui, unaweza kufanya majaribio machache yasiyo na madhara.

Kama ni diski ya nje, badilisha kebo. Kebo za USB huchoka, na diski isiyopata umeme wa kutosha inaweza kugonga au kutoonekana hata kama ni nzima. Chomeka kwenye tundu jingine, moja kwa moja kwenye kompyuta, si kupitia kigawanyio. Jaribu kompyuta nyingine.

Kama ni diski ya ndani, zima kompyuta, ondoa chaja na betri ikiwa inatoka, kisha fundi aichomoe diski na kuirudisha vizuri. Wakati mwingine imelegea tu. Ikishindikana, ichomoe na uitie ndani ya kasha la USB, kile kiboksi kidogo kinachogeuza diski ya laptopu kuwa diski ya nje. Kiboksi hicho huuzwa katika maduka mengi ya kompyuta hapa Kampala, na kila kituo cha vijana chenye kompyuta kingefaa kuwa nacho kimoja. Ukichomeka kwenye kompyuta nzima na mafaili yakaonekana, shukuru Mungu: tatizo lilikuwa Windows au sehemu nyingine ya mashine. Nakili mara moja.

Kuna jambo la kuangalia hapo. Kompyuta nyingi za siku hizi hufunga diski kwa siri, kwa kitu kinachoitwa BitLocker. Ukiihamishia kwenye kompyuta nyingine, itakuomba ufunguo wa tarakimu 48. Bila ufunguo huo, fundi hawezi kukusaidia. Mara nyingi ufunguo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya yule aliyeiandaa kompyuta. Kama kompyuta ilitolewa na shirika au shule, waulize leo wakati bado inafanya kazi, uandike namba hiyo kwenye daftari.

(MUZIKI MFUPI.)

Sasa tuje kwenye uokoaji wenyewe. Unahitaji vitu viwili: kompyuta nzima, na mahali pa kuwekea, yaani diski nyingine au flashi yenye nafasi ya kutosha.

Ikiwa diski bado inasomeka lakini ni nzito, kuna kanuni moja: anza na kisichoweza kupatikana tena. Kabla ya kuiwasha, kaa chini na karatasi. Andika orodha. Kwanza hati za familia na vyeti. Pili picha za watu. Tatu hesabu za kikundi na rejista za shule. Nne kazi zako za masomo. Filamu na nyimbo ziwe mwisho kabisa, kwa maana hizo utazipata tena kwa jirani. Kisha washa, nenda moja kwa moja kwenye folda ya kwanza, nakili, halafu ya pili. Faili moja likigoma, liruke, endelea na mengine. Usiliing'ang'anie. Watu wengi wamepoteza picha 500 kwa kupigania moja.

Ikiwa Windows haiwaki kabisa, tumia mfumo mwingine. Linux, kwa mfano Ubuntu, ni ya bure, na inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa. Unachagua "jaribu", si "sakinisha". Ukichagua kusakinisha unaweza kufuta diski nzima. Ukishaingia, utaiona diski kama folda, na unanakili kwenda kwenye flashi nyingine.

Ikiwa diski ina majeraha mengi, njia iliyo bora ni kuchukua picha kamili ya diski nzima, kipande kwa kipande, kabla ya kutafuta faili lolote. Programu inayotumika sana ni GNU ddrescue, nayo ni ya bure. Uzuri wake ni busara yake. Inachukua kwanza sehemu rahisi, inaziruka zilizoharibika, kisha inarudi kuzijaribu baadaye. Ukiitajia jina la faili la daftari, inaandika humo ilipofika, hivyo umeme ukikatika inaendelea ilipoishia badala ya kuanza upya. Kwetu sisi wa sola, hiyo ni neema.

Lakini wewe kijana unayejifunza, sikiliza kwa makini. Programu hiyo unaiambia vitu vitatu: diski ya kutoka, diski ya kwenda, na lile faili la daftari. Ya kutoka huandikwa kwanza. Ukizigeuza, utaimwaga diski tupu juu ya ile yenye kumbukumbu, na hapo hakuna wa kukuokoa. Soma amri yako mara tatu. Mwite mwenzako aisome. Ndipo ubonyeze.

Baada ya kupata picha ya diski, iweke diski mgonjwa pembeni, uifanyie kazi ile nakala. Kuna programu mbili za bure zinazotoka mahali pamoja, TestDisk na PhotoRec. TestDisk inatafuta sehemu za diski zilizopotea. PhotoRec inatafuta mafaili yenyewe, moja moja, hata kama orodha ya folda imeharibika. Hii ya pili hurudisha mafaili bila majina yake, kwa hiyo jiandae kukaa chini na kufungua moja baada ya jingine. Ni kazi ya subira, lakini ni afadhali picha isiyo na jina kuliko jina lisilo na picha.

Na muda? Diski nzima ya jigabaiti 500, kupitia tundu la zamani la USB, huweza kuchukua saa nne hadi tano. Diski mgonjwa inaweza kuchukua siku kadhaa. Panga umeme wako kabla hujaanza.

(MUZIKI MFUPI.)

Na kama inagonga, au haionekani kabisa? Hapo mikono yako imefika mwisho. Ni wakati wa fundi.

Hapa Kampala mafundi wa kompyuta ni wengi, kwenye majengo ya biashara ya katikati ya jiji, mitaa kama Luwum Street na William Street, na Wandegeya karibu na Chuo Kikuu cha Makerere. Wengi ni hodari kwa skrini, chaja na Windows. Kuokoa data kutoka kwenye diski iliyovunjika ndani ni kazi nyingine, yenye vifaa vyake, na ni ya gharama kubwa. Kwa hiyo muulize fundi maswali haya kabla hujamkabidhi kitu.

Swali la kwanza: utaifanyia kazi diski yenyewe, au utachukua nakala yake kwanza? Fundi mzuri atasema nakala kwanza. Swali la pili: utaifungua hapa mezani? Akisema ndiyo, ichukue diski yako uondoke kwa heshima. Swali la tatu: usipopata kitu, nalipa nini? Mkubaliane, na mwandike. Kuna mafundi wanaosema watabadilisha ile bodi ya kijani iliyo chini ya diski. Kwenye diski nyingi za kisasa bodi hiyo imebeba vipimo vya diski ileile tu, na kubadilisha bodi peke yake hakutoshi.

Sasa jambo la usalama, na hili ni kubwa kwetu. Ndani ya diski yako kunaweza kuwa na barua za kesi yako ya ukimbizi, majina ya watu waliotoa ushahidi juu ya mauaji au ubakaji, anwani za ndugu waliobaki nyumbani. Siri hizo zina roho za watu. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na sheria hiyo inalinda taarifa za mtu yeyote aliye nchini, mkimbizi akiwemo. Lakini sheria peke yake haizuii macho. Kaa na fundi anapofanya kazi kama inawezekana. Piga picha namba iliyoandikwa juu ya diski, ili urudishiwe ileile. Dai risiti. Usiiache diski mgonjwa dukani baada ya kazi kwisha. Irudishe nyumbani, hata kama umeambiwa imekufa. Na umwombe afute nakala aliyoiweka kwenye mashine yake mbele ya macho yako. Kama ni kumbukumbu za ushahidi, zungumza kwanza na shirika la msaada wa kisheria unaloliamini kabla hujaenda kwa fundi wa mtaani.

Ukitoka mbali, labda Nakivale kupitia Mbarara, au Kyangwali kupitia Hoima, ifunge diski kwenye sponji au nguo laini, uitie kwenye kiboksi, uibebe mapajani. Usiitie kwenye buti ya basi.

Je, kuna matumaini kwa diski iliyoumia vibaya? Ngoja nikupe mfano wa kweli. Mwezi Februari 2003, chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilivunjika kikirudi duniani, na wanaanga wote saba wakafariki. Miongoni mwa mabaki yaliyookotwa chini kulikuwa na diski moja ya kompyuta iliyoungua na kuyeyuka kwa nje. Ilipelekwa kwa kampuni ya uokoaji wa data, Kroll Ontrack. Wataalamu wakatoa zile sahani, wakazisafisha, wakaziweka ndani ya mwili wa diski nyingine ya aina ileile, na wakapata karibu asilimia 99 ya data. Matokeo ya jaribio la kisayansi lililokuwa ndani yake yalichapishwa mwaka 2008. Diski ile ilianguka kutoka angani, lakini data yake ikaokolewa. Yako ikiwa imeanguka kutoka mezani tu, kuizima na kuiacha ilivyo kunaweza kuwa ndiyo msaada wake mkubwa.

(MUZIKI MFUPI.)

Ndugu msikilizaji, uokoaji ni dawa ya mwisho. Kinga ni nakala ya akiba. Akiba haiozi.

Kanuni inayotumika duniani ni tatu, mbili, moja. Nakala tatu za kila kitu muhimu, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja kati yake iwe mahali pengine kabisa. Kwetu inaweza kuwa hivi: faili moja kwenye kompyuta, moja kwenye flashi, na moja kwenye intaneti au kwa ndugu anayeishi mtaa mwingine. Usiziweke zote ndani ya begi moja, maana mwizi hachagui. Wala zote ndani ya nyumba moja. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Septemba 2020, hapa Kampala, moto uliliunguza Jengo Kuu la Makerere, jengo lililosimama miaka mingi. Ikiwa jengo lile liliungua, nyumba zetu za turubai na matope tuseme nini?

Kwa njia ya intaneti, akaunti ya Google inakupa jigabaiti 15 bila malipo. Hazitoshi filamu, lakini vyeti vya familia nzima vinaingia na nafasi inabaki. Piga picha hati zako mchana, kwenye mwanga mzuri, uhakikishe namba zinasomeka. Nakala ya picha haichukui nafasi ya hati halisi, lakini hati ikipotea, namba na tarehe zilizomo zitakusaidia kuomba nyingine. Weka nywila imara, na nywila hiyo usimpe mtu anayesema atakusaidia kupata safari ya kwenda nje. Huduma za wakimbizi haziuzwi.

Flashi nayo si sanduku la chuma. Huharibika, hupotea, huingia virusi. Kila baada ya miezi mitatu ifungue uone kama mafaili yanafunguka. Nakala usiyoijaribu ni tumaini tu.

Kwa makatibu wa vikundi: kila mkutano ukiisha, nakili hesabu kwenye flashi mbili, moja kwa katibu na moja kwa mweka hazina, na kitabu cha karatasi kiendelee kuandikwa. Kwa walimu: mwisho wa muhula, chapisha orodha ya alama. Karatasi haihitaji sola.

(MUZIKI UNAPANDA KIDOGO, KISHA UNASHUKA.)

Turudie kwa ufupi. Ukisikia kugonga au kukwaruza, zima. Usifomati, usirekebishe, usifungue. Kama haigongi, jaribu kebo, tundu na kompyuta nyingine. Ikisomeka, okoa kwanza kisichopatikana tena. Ikiwa na majeraha, chukua picha ya diski nzima. Ikigoma, tafuta fundi, umuulize yale maswali, na ulinde siri zako. Na leo hii, kabla hujalala, tengeneza nakala moja ya akiba.

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji:

1. Katika jamii yenu, ni kumbukumbu gani ziko kwenye kompyuta moja tu? Nani anazitunza?
2. Kompyuta ya kituo chenu ikifa leo, mtapoteza nini kisichoweza kupatikana tena?
3. Nani kati yenu ana ndugu au rafiki anayeaminika mahali pengine, anayeweza kutunza flashi ya nakala?
4. Mnaweza kuchangia pamoja kununua kasha la USB na diski moja ya uokoaji kwa ajili ya mtaa wenu?

Wasikilizaji wapenzi, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta unaweza kujengwa upya, lakini sura ya baba kwenye picha ya mwisho haijengwi. Itunzeni leo.

(MUZIKI WA KIPINDI MPAKA MWISHO.)